Ndege wa uwanja wa shule: jibu kwa mwalimu mwenye wanafunzi 68 na darubini moja

Swali: Mimi ni mwalimu wa Sayansi, darasa la tano, katika shule ya msingi ya kijijini nje kidogo ya Bagamoyo. Nina wanafunzi 68 na darubini moja tuliyoachiwa na mgeni. Nataka kuwatoa watoto nje wajifunze ndege na makazi yao, lakini mwalimu mkuu anaona ni kupoteza vipindi, nusu ya wavulana wanatembea na manati mfukoni, na mimi mwenyewe ndege ninaowajua kwa majina hawazidi kumi. Nauli ya kwenda hifadhini hatuna. Tena kwenye dari ya ofisi kuna bundi ambaye wazazi wanataka afukuzwe. Nianzie wapi?

Jibu:

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa nia hiyo.

Anzia hapo hapo ulipo, kwenye uwanja wa shule, na darubini uiache kabatini kwanza. Ushauri huu ningekupa hata kama shule ingekuwa na basi lake. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na mtu akisikia hivyo hudhani lazima aende Saadani au Mikumi ndipo aone kitu. Lakini mtoto anayepelekwa mbali siku moja huona ndege wengi, kila mmoja mara moja, na akirudi kijijini hawaoni tena. Anayemwangalia ndege mmoja kila wiki, kwenye mti uleule, hufika mahali akauliza mwenyewe: mbona huyu yuko hapa kila siku, na kule nyuma ya madarasa hayupo? Swali hilo ndilo somo lenyewe la makazi. Likishatoka mdomoni mwa mtoto, yanayobaki ni kumsaidia atafute jibu.

Kwa ukanda wenu wa pwani, ndege wa kuanza naye ni mnana. Tafuta mnazi au mti wowote wenye viota vyake vinavyoning'inia; mara nyingi huwa karibu kabisa na watu. Wapeleke watoto wakati minana wanajenga, hasa mvua zikishaanza na majani yakiwa mabichi. Wakae chini, hatua kama ishirini kutoka kwenye shina, na kazi yao iwe kumfuata dume mmoja tu, yule wa manjano. Wataona anatua kwenye kuti, anang'ata ukingo wa jani, kisha anaruka akilichana uzi mrefu. Anarudi nao kwenye kitawi, anaukanyaga kwa mguu, anauzungusha na kuupenyeza kwa mdomo mpaka unakaza. Kwanza anatengeneza pete. Halafu anasimama ndani ya pete hiyo, na sehemu kubwa ya anachofuma anakifuma akiwa hapo, kwa umbali ambao mdomo wake unafika. Ndiyo maana kiota kinatoka kimemkaa sawasawa na mwili. Kikikamilika anajining'iniza chini yake, anapigapiga mbawa na kupiga kelele ili jike aje akague. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi za ndani, na mara nyingi anaondoka zake. Kiota kikikauka na kugeuka rangi ya kahawia bila kupata jike, dume mwenyewe hukibomoa, akajenga kingine palepale.

Hapo una kazi ya mwezi mzima. Kila Jumatatu watoto wahesabu viota vibichi na viota vikavu, wachore grafu. Wafuate kiota kimoja tangu pete hadi kikaliwe au kibomolewe, waandike kilichotokea. Waulize kwa nini viota vingi viko kwenye ncha za makuti na si karibu na shina, kisha usiwajibu. Yupo mtoto atakayesema nyoka, na atakuwa amefikiri vizuri. Mwingine atasema kunguru, naye hakosei. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, akaenea pwani yote, na anakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mkibahatika mtamwona pia kekeo akizungukazunguka mti wa minana. Yeye hajengi; jike lake hunyemelea na kutaga yai kwenye kiota cha mwenzake. Baadhi ya minana wamejikinga kwa njia ya ajabu: kila jike hutaga mayai ya rangi na madoa yake mwenyewe, kwa hiyo akikuta yai la rangi nyingine hulitupa nje. Jambo hili usiwaambie siku ya kwanza. Lisubirishe mpaka wamemwona kekeo kwa macho yao.

Mkiwa chini ya minazi hiyohiyo, waambie watazame makuti makavu yaliyoinama. Kuna ndege mwembamba wa kijivu, mkia kama uma, anayepita mbio na kuingia katikati ya kuti. Ni teleka wa minazi. Hubandika manyoya kwenye jani kwa mate yake, na mayai pia huyagandisha hapo kwa mate, ili upepo ukilipeperusha kuti yasidondoke. Wazazi wote wawili hulalia mayai hayo wakiwa wameshikilia jani wima. Kwa ndege huyu kuti kavu ndiyo nyumba. Watoto wakielewa hivyo, watajua wenyewe swali la kuuliza siku mtu atakapokuja kusafisha minazi.

Sasa jambo la idadi. Watoto 68 hawawezi kutoka pamoja wakaona ndege. Wataona migongo yao tu. Gawa makundi sita, na kila kundi lipewe kituo chake ndani ya eneo la shule: minazi, mwembe, uzio wa michongoma, jalala, bomba la maji, uwanja wa mpira. Kundi libaki na kituo hicho muhula mzima. Muda mzuri mnao tayari, ule wa usafi wa asubuhi, kabla ya paredi, ndege wakiwa kwenye pilikapilika zao. Kwa zamu, kundi moja kila siku liachiwe ufagio, likae kimya dakika kumi, liandike ndege gani amekuja, amefanya nini na ameondokea wapi. Na kama hakuja yeyote, waandike sifuri. Watoto wengi huona aibu kuandika sifuri, wakaongeza ndege wa kubuni. Waeleze mapema kwamba sifuri ya uwanja wa mpira ina thamani ileile ya ishirini ya mwembe, maana bila hiyo hamtajua mwembe una nini.

Hapa nina ombi moja ambalo huenda mwalimu mkuu akalipinga, nami nakusihi ulipiganie. Shule zetu zinafagiliwa mpaka udongo unang'aa. Majani yanakusanywa, yanachomwa, na pamoja nayo wanakwenda wadudu, mbegu na vijiti vya kujengea. Omba kona moja, hata hatua kumi kwa kumi, chini ya mwembe au pembeni ya uzio, isifagiliwe muhula mzima. Weka vigingi na kibao: ENEO LA UTAFITI, DARASA LA TANO. Pembeni yake chagueni eneo lenye ukubwa uleule linalofagiliwa kama kawaida. Kundi moja liangalie yote mawili, kwa dakika zilezile. Baada ya wiki chache kwenye majani yaliyolala mtaona ndege wanaochakura, wanaogeuza majani kwa mdomo, wanaookota mchwa. Na udongo mtupu utabaki na shomoro na njiwa wachache wanaopita. Sijui njia nyingine rahisi kuliko hii ya kumwonyesha mtoto kwamba makazi ni kitu kinachotengenezwa na kuharibiwa kwa mikono ya watu, ya kwake ikiwemo. Wasiwasi wa nyoka ni wa kweli, kwa hiyo eneo hilo liwe mbali na milango ya madarasa, liwe la kutazamwa kutoka nje ya vigingi, na asiingie mtu.

Kituo cha jalala nacho kisidharauliwe. Wahesabu kunguru nusu saa kabla ya uji, wakati wa uji, na nusu saa baadaye. Kisha wiki moja jalala lifunikwe na mabaki ya uji yafukiwe, wahesabu tena.

Kuhusu kuelekezana, lipo jambo dogo linaloharibu vipindi vingi: mtoto amemwona ndege, anapiga kelele "yule pale, yule pale!", wenzake wanatazama angani, ndege keshaondoka. Wafundishe kuuona mti kama uso wa saa ya ukutani. Ila mkubaliane mapema kwamba mnatumia namba zilizoandikwa kwenye saa, wala si saa tunazozitaja, la sivyo mmoja akisema "tatu" nusu ya darasa itatazama kulia na nusu kushoto. Kumi na mbili ni juu kileleni, tatu ni kulia, sita ni shinani. Na mwenye kuona aseme kwa kunong'ona, mkono ukiwa chini, kwa sababu mkono unaonyooshwa ghafla ndege huujua.

Masikio pia yapewe kazi. Siku moja moja wafumbe macho, kila sauti mpya wakunje kidole. Mtoto asiyeona mbali mara nyingi huwashinda wenzake hapa, nawe utagundua anayehitaji kupimwa macho. Dudumizi akilia kichakani, ile sauti ya maji yakimiminwa kutoka kwenye chupa, wapo watakaosema mvua inakuja, kama walivyosikia kwa bibi zao. Usiwabishie wala usikubali. Waandike tarehe aliyolia, waandike na tarehe za mvua, mwisho wa muhula mlinganishe mbele ya darasa.

Sasa manati. Najua walimu wengi huanza kwa kuzikusanya na kuzichoma, na wenye manati huanza kukaa nyuma na kununa. Mimi naona hao ndio wanafunzi wako bora. Mvulana anayewinda anajua njiwa hunywa maji saa ngapi, tetere hulala mti gani, kanga hupita wapi, na anajua kunyata. Wafanye viongozi wa makundi. Masharti yawe wazi tangu siku ya kwanza: kwenye kituo manati haziji, na ndege wa kituo chetu hapigwi, kwa sababu akipigwa hesabu ya kundi lote imeharibika. Utaona wanalindana wenyewe. Kisha wape kazi inayotaka ujuzi wao hasa, ya kupima ndege anavumilia umbali gani. Mmoja anamkaribia ndege aliye chini, polepole, hatua moja moja, asikaribie kiota. Ndege akiruka, anasimama, wanahesabu hatua hadi pale alipokuwa. Wafanye hivyo kwa shomoro, kunguru, njiwa na yangeyange, shuleni na pia shambani wanakowindwa. Tofauti watakayoipata itawaeleza kuhusu manati mambo ambayo hotuba yako haiwezi. Mayai, makinda na ndege mfu wasishikwe kabisa, na kila mara wanawe mikono kwa sabuni wakirudi.

Majina yasikutie hofu. Mtoto akiwa na jina la nyumbani, la Kizaramo au Kikwere, liandikwe. Asipokuwa nalo, waeleze wanachokiona kwa mpangilio: ukubwa ukilinganisha na shomoro, njiwa au kuku, mdomo, miguu, mkia, rangi, alichokuwa anafanya. "Kofia nyeusi, chini ya mkia njano, anakula mapapai" ni rekodi nzuri, na siku utakapokutana na mtu mjuzi atakuambia mara moja kwamba ni shorewanda. Chama cha uhifadhi cha Nature Tanzania na waongoza watalii wa Bagamoyo wanaweza kukusaidia, mkiwa na maelezo ya namna hiyo mkononi.

Darubini itoke wiki ya nne au ya tano, wakati kila kundi linajua ndege wake atatua wapi. Iwekwe kwenye kituo kimoja, ndege aliyetulia kiotani, watoto wapite mmoja mmoja, kamba shingoni. Isielekezwe kwenye jua kamwe. Inaweza kupofusha jicho mara moja. Kwenye mwili wa darubini kuna namba kama 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza mara 8 inawatosha watoto. Za 10 na kuendelea hutikisika mikononi mwao.

Wakizoea uwanja, toka nao getini, si mbali: mahali ng'ombe wanapolishwa au mashamba ya mpunga. Hapo mwangalieni yangeyange. Mtoto mmoja amfuate anayetembea na ng'ombe, mwingine amfuate anayetembea peke yake, kila mmoja ahesabu kwa dakika tano ndege wake amepiga hatua ngapi na amedonoa mara ngapi. Yule wa ng'ombe kwa kawaida hupata chakula zaidi kwa mwendo mfupi, kwa kuwa kwato zinawaamsha panzi. Wengi wanaamini anakula kupe mgongoni. Wakimtazama vizuri wataona macho yake yako karibu muda wote kwenye nyasi, mbele ya pua ya ng'ombe. Kwa matembezi haya pata kibali cha wazazi kwa maandishi, nenda na mtu mzima wa pili, mchukue maji ya kunywa na kisanduku cha huduma ya kwanza, na mrudi kabla ya saa nne, jua halijawa kali.

Mwalimu mkuu usimwombe vipindi mwanzoni. Muda wa usafi hauli kipindi cha mtu. Baada ya mwezi mmoja bandika kwenye ubao wa matangazo grafu za viota na za kunguru, na insha mbili tatu zilizoandikwa vizuri. Mwalimu mkuu anapenda kuwa na cha kumwonyesha mkaguzi, na hicho kitakuwa chako. Ndipo umwombe vipindi viwili mfululizo kwa mwezi.

Bundi nimemweka karibu na mwisho kwa sababu anahitaji uangalifu kuliko wote. Anayekaa darini mara nyingi ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Humeza panya mzima, kisha hutapika kibonge cha manyoya na mifupa, na chini ya anapolala utakuta vibonge hivyo vimetapakaa. Wewe au mtu mzima mwingine, mkiwa mmefunga barakoa na kuvaa glavu au mifuko mikononi, okoteni vichache. Watoto wasipande darini. Vitieni kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa, vipoe, kisha watoto wavichambue kwa vijiti juu ya gazeti. Watatoka na taya ndogo zenye meno marefu ya mbele, mafuvu, mbavu nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Wahesabu mafuvu, wayagundishe kwenye karatasi ngumu, waandike: bundi wa shule yetu alikula hawa.

Wazazi usiwaite kuja kuambiwa kwamba imani yao ni ya uongo. Imani ya bundi ni ya misiba waliyoipata, na mzee aliyefiwa asubuhi baada ya bundi kulia usiku hatakusikiliza, wala sioni sababu ya kumlazimisha. Waite siku ya kikao, weka karatasi ile mezani karibu na magunia ya mahindi ya uji, na mwachie mtoto wa mmojawapo aeleze. Mzazi akiuliza panya hao wangeishia wapi, mjibu kwa utulivu. Kama bado wanataka aondoke, waombe wasubiri mpaka makinda yaruke, kisha mzibe tundu la dari usiku, bundi wakiwa wametoka kuwinda na mkiwa mna hakika hakuna aliyebaki ndani, na mjengeeni sanduku la mbao kwenye mti mkubwa mbali na madarasa. Hilo ni suluhisho la heshima kwa pande zote.

Na ikitokea mmepata usafiri wa siku moja tu kwa mwaka, msiende mbugani. Nendeni pwani kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, mwezi wa Novemba. Wakati huo vitwitwi na jamaa zao wamefika, baadhi wakitoka Siberia walikozaliwa Juni na Julai, na watabaki hadi Machi au Aprili. Angalieni majira ya maji mapema, waulizeni wavuvi. Mfike maji yakiwa yanaanza kujaa, kwa sababu kila bahari inaposogea, ndege nao wanasogezwa kuelekea mlipo. Watoto wasimame kwenye mchanga mgumu, wasiingie matopeni. Wachore midomo: mifupi inayookota juu ya tope, mirefu inayozama chini kabisa, iliyopinda inayofuata mashimo ya kaa. Mkipata bahati mtamwona ndege mkubwa mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo, anayekula kaa. Huyo huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Oman, akitaga ndani ya shimo alilochimba mchangani. Mwulizeni mwenye shamba la chumvi ruhusa wiki mbili kabla, na mwambieni idadi kamili ya watoto. Hao 68 wapeleke kwa mafungu mawili, fungu moja likitazama huku la pili likichora kivulini, kisha wabadilishane kabla maji hayajafika kwenye mikoko.